Karani wa Posta na Timu ya Dhahabu

Juma hili nawaletea maisha ya kijana ambaye wengi wenu hamjamsikia, hata nyinyi mnaojazana pale Ngong Road siku za raga. Anaitwa Albert Henry Baskerville. Wakati mwingine utakuta jina limeandikwa Baskiville, lakini mtu ni yule yule. Kwao New Zealand ni jina kubwa, na iko ngao ya raga inayoitwa kwa jina lake, ambayo New Zealand hushindania na timu kutoka Uingereza. Alikufa mwaka wa 1908 akiwa na miaka 25. Nimejaribu kuhesabu, na karibu kila kitu anachokumbukwa nacho alikifanya ndani ya muda usiozidi miaka miwili.

Kwanza tuelewane kitu kimoja, maana bila hicho stori haitashika. Raga ziko mbili. Hii tunayoijua sisi ni ya watu 15 kila upande, pamoja na ile fupi ya watu saba iliyotupa sifa duniani. Nyingine ni ya watu 13, inaitwa rugby league. Huku kwetu haichezwi sana, lakini ukienda kaskazini mwa Uingereza, au Sydney na Brisbane huko Australia, ndiyo mchezo wa wananchi. Hizi mbili zilikuwa mchezo mmoja, na zikaachana kwa sababu ya mshahara wa siku moja tu.

Ilikuwa hivi. Katika majimbo ya Yorkshire na Lancashire, wachezaji wengi walikuwa watu wa migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya nguo. Jumamosi asubuhi bado watu walikuwa kazini. Mchezaji akitakiwa kusafiri kwenda mechi ya mbali, anaiacha kazi, na tajiri anamkata. Kwa hiyo timu inajaza uwanja, watu wanalipa kiingilio, pesa inaingia, halafu yule aliyewavuta watu anarudi nyumbani mfuko ukiwa umepungua kuliko alivyotoka. Mwaka wa 1893 klabu za Yorkshire zilienda London kuomba jambo dogo tu, kwamba mchezaji arudishiwe ile pesa ya siku aliyoikosa. Wakubwa wa chama cha raga, wengi wao watu wa kujiweza ambao Jumamosi hawakuwa na bosi wa kumwomba ruhusa, wakasema raga inachezwa kwa mapenzi. Kura zikapigwa, 282 zikakataa na 136 zikakubali. Miaka miwili baadaye, tarehe 29 Agosti 1895, klabu 22 zikatoka zikaanzisha umoja wao katika hoteli ya George mjini Huddersfield. Wakaujita Northern Union, yaani umoja wa kaskazini. Taratibu wakaanza kubadilisha hata sheria za mchezo ili mpira utembee kasi na watazamaji wafurahi, mpaka mwaka wa 1906 wakapunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13.

Wakati hayo yakitokea, Albert alikuwa mtoto upande wa pili wa dunia. Alizaliwa tarehe 15 Januari 1883 huko Waiorongomai, karibu na Te Aroha, katika kisiwa cha kaskazini cha New Zealand. Waiorongomai kilikuwa kijiji cha wachimba dhahabu, na jambo hilo mliweke akilini, maana dhahabu itarudi baadaye kwa njia ya kejeli. Alipokuwa mkubwa tunamkuta Wellington, mji mkuu, akiwa karani wa posta. Alichezea klabu iliyoitwa Oriental na alikuwa mchezaji mzuri, ingawa si wa kutikisa nchi. Kilichomtofautisha na wenzake ni kalamu. Akiwa na miaka 24, mwaka wa 1907, alitoa kitabu kizima kuhusu namna ya kucheza raga ya kisasa kwa mbinu za New Zealand. Hebu fikiria, kijana wa kaunta ya posta anaandika kitabu kuwafundisha watu mpira.

Kitabu hicho kilikuwa na soko, na sababu yake ndiyo pia sababu ya yote yaliyofuata. Mwaka wa 1905 timu ya New Zealand, All Blacks wenyewe, ilikuwa imezuru Uingereza na kuwapiga karibu wote. Walipoteza mechi moja tu, dhidi ya Wales mjini Cardiff, kwa pointi 3 kwa 0. Viwanja vilifurika. Chama cha raga cha New Zealand kilivuna maelfu ya pauni kwenye safari hiyo. Wachezaji, je? Shilingi 3 kwa siku za matumizi. Miezi na miezi mbali na nyumbani, wengine wameacha kazi zao, wengine wanauguza viungo, na mkononi ni shilingi tatu.

Kati ya wale wachezaji wa 1905 alikuwepo jamaa wa Auckland, George Smith, mkimbiaji hodari ambaye mwaka wa 1902 alikuwa ameshinda ubingwa wa Uingereza wa kuruka viunzi. Smith alikuwa ameona kwa macho yake kule kaskazini kwamba kuna raga inayomlipa mchezaji na dunia haijaisha. Baskerville naye alikuwa amesoma habari hizo na akapiga hesabu zake. Akaandika barua kwa Northern Union akiwauliza kama wangeipokea timu kutoka New Zealand. Sisi tuliokulia enzi za sanduku la posta tunajua kungoja barua ni nini, lakini yake ilikuwa na bahari mbili za kuvuka kwa meli, kwenda na jibu kurudi. Jibu lilipofika lilikuwa ndiyo.

Hapo ndipo alipoonyesha akili iliyonifanya nimchague juma hili. Angeweza kufanya kama wafanyabiashara wengi wa michezo, atafute tajiri mmoja wa kulipia meli, kisha wachezaji wawe vibarua wa tajiri huyo badala ya kuwa vibarua wa chama. Hakufanya hivyo. Kila mchezaji aliyechaguliwa aliweka pauni 50 zake mwenyewe, ambazo kwa mfanyakazi wa wakati ule zilikuwa mshahara wa miezi mingi. Zikichangwa zote, safari inapatikana. Faida ikija, inagawanywa kati yao. Hasara ikija, ni yao vilevile. Sisi hapa tungekiita chama, na ndicho kilikuwa, chama cha watu wenye viatu vya njumu, na katibu wake ni karani wa posta.

Mambo yalifanywa kwa siri kwa sababu wakubwa walikuwa wameanza kunusa. Chama cha raga kilitaka wachezaji watie sahihi hati ya kiapo kwamba hawahusiki na safari hiyo. Mwakilishi wa New Zealand kule London alikuwa akiwaambia watu wa magazeti kwamba timu hiyo ni bure, haina wachezaji wa maana, na ndiyo maana Uingereza wengine waliibandika jina la timu ya mzuka. Aliyethibitika kujiunga alipigwa marufuku ya maisha, na Baskerville akapata ya kwake. Tusilipite jambo hili haraka. Kwa kijana wa Wellington wa 1907, raga ndiyo ilikuwa jioni zake, marafiki zake, na heshima yake mtaani. Kufungiwa maisha kulikuwa kama kutengwa na ukoo. Na kosa lenyewe ni kutaka anayeumia uwanjani apate sehemu ya pesa inayokusanywa mlangoni.

Timu iliyotoka haikuwa ya mzuka hata kidogo. Wanne wa wale mashujaa wa 1905 walikuwemo: George Smith, Massa Johnston, Bill Mackrell na Duncan McGregor. Nahodha alikuwa Hercules Wright, na meneja kwenye karatasi alikuwa Harry Palmer. Lakini mtu wa mikataba, wa ratiba, wa tiketi za meli na wa kutuliza ugomvi alikuwa katibu Baskerville.

Walipitia Sydney kwanza, Agosti 1907, na hapo wakakuta moto umeshawaka. Mchezaji mmoja wa huko, Alex Burdon, ambaye kazi yake ilikuwa kinyozi, alikuwa ameumia akicheza raga. Kinyozi bila mkono anafanya nini? Hakulipwa chochote. Wenzake walichukia sana, na mfanyabiashara James Giltinan pamoja na mchezaji maarufu wa kriketi Victor Trumper wakasaidia kuanzisha ligi yao ya kulipwa mwezi huo huo. Timu ya Baskerville ikacheza nao mechi tatu na kushinda zote. Kituko ni kwamba zilichezwa kwa sheria za zamani za watu 15, kwa sababu pande zote mbili hazikuwa na kitabu cha sheria mpya. Mechi ya kwanza watu kama 20,000 walilipa kuingia. Magazeti ya Sydney yakawadhihaki wageni: badala ya All Blacks yakawaita All Golds, dhahabu tupu, kwamba hawa ni watu wa pesa. Kejeli hiyo haikuwaumiza. Wameitwa All Golds mpaka leo, na sasa ni jina la heshima. Na mwanzilishi wao alizaliwa kwa wachimba dhahabu!

Wakaondoka Sydney na mtu mmoja zaidi. Dally Messenger, kipenzi cha Sydney kwa kupiga na kukimbia na mpira, aliungana nao ingawa alikuwa Mwaustralia. Kumchukua kulikuwa uamuzi mzuri wa kibiashara na wa kimchezo, na ndiye aliyemaliza ziara akiwa ameongoza kwa pointi. Njiani walisimama Colombo wakacheza mechi moja, kisha wakaendelea mpaka Leeds, walikofika mwanzo wa Oktoba na kupokelewa na umati mitaani.

Sasa fikiria hali yao. Wako Uingereza, baridi inaanza, wana mechi za kujaza miezi mitano, pesa zao zote zimo ndani ya hii biashara, na mchezo wanaokwenda kuucheza hawajawahi kuucheza hata siku moja. Walikuwa na siku chache tu za kujifunza sheria za watu 13. Tarehe 9 Oktoba 1907 wakaingia uwanjani dhidi ya klabu ya Bramley wakashinda 25 kwa 6. Kuanzia hapo ilikuwa treni na matope, matope na treni. Jumla walicheza mechi 35. Walishinda 19, wakatoka sare 2, wakapoteza 14. Ukiiangalia hiyo rekodi kwa haraka utasema ni ya kawaida. Mimi nasema kwa watu waliojifunzia mchezo njiani ni ajabu.

Siku ya mwaka mpya, tarehe 1 Januari 1908, walicheza na Wales huko Aberdare. Hiyo ndiyo inahesabiwa kuwa mechi ya kwanza ya raga ya watu 13 kati ya nchi na nchi. Wales walishinda 9 kwa 8, pointi moja tu. Kisha zikaja mechi tatu kubwa dhidi ya timu teule ya Northern Union. Ya kwanza, Leeds, tarehe 25 Januari, wenyeji walishinda 14 kwa 6. Ya pili ilipelekwa London, Stamford Bridge, uwanja wa Chelsea mnaoujua wote kwa sababu ya soka, na hapo All Golds wakashinda 18 kwa 6. Ya tatu ilichezwa Cheltenham tarehe 15 Februari, kwenye tope, na wakaichukua 8 kwa 5. Mbili kwa moja. Timu ya mzuka ilikuwa imewashinda wenye mchezo nyumbani kwao.

Katika mechi hizo tatu jina la Baskerville halikuwa kwenye kikosi. Alikuwa amekuja na viatu vyake, na alikuwa mchezaji, lakini kazi za katibu hazikumwachia nafasi, na walikuwepo waliomzidi. Sioni mahali popote alipotumia ukubwa wake kujipanga. Wale ambao mmewahi kuwa makatibu wa kikundi chochote mnajua kishawishi hicho, na mnajua wangapi wamekishinda.

Ziara ilipokwisha palikuwa na faida, na ikagawanywa kama walivyokubaliana. Kila mmoja alirudishiwa pauni zake 50 na mgao juu yake. Wengine hawakurudi nyumbani kabisa, kwa sababu klabu za Uingereza ziliwapa kazi. George Smith alikwenda Oldham. Lance Todd alichukuliwa na Wigan, na miaka mingi baadaye akawa meneja mashuhuri wa Salford. 

Niseme kando kidogo. Raga ya watu 15 iliendelea kukataza malipo kwa karne karibu nzima. Ilikuwa Agosti 1995 ndipo wakubwa wa dunia wa mchezo huo walipofungua mlango na kusema mchezaji aweza kulipwa. Wanaraga wetu wanaosaini mikataba Ulaya leo wanapita mlango huo huo. Walioadhibiwa kwa kuugonga mapema walikuwa makaburini siku nyingi.

Turudi baharini. Njiani kurudi New Zealand, timu ilipitia tena Australia kucheza na timu mpya ya taifa hilo, ambayo ligi yake ndiyo kwanza ilikuwa imeanza msimu. Tarehe 9 Mei 1908, mjini Sydney, New Zealand na Australia zilikutana kwa mara ya kwanza katika mchezo huu. Na safari hii, kwa kuwa nyota kadhaa walikuwa wamebaki Uingereza, katibu alivaa jezi. Albert Baskerville alicheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa, akafunga trai, na New Zealand ikashinda 11 kwa 10. Ondoa trai ile uone matokeo yangekuwaje.

Wakapanda meli kwenda Brisbane. Ndani ya meli Baskerville akashikwa na homa ya mafua. Mtu wa miaka 25, mwenye mwili wa mazoezi, mafua yanamfanya nini? Lakini homa ilishuka kifuani ikawa nimonia, na wakati ule hapakuwa na dawa za kuua vijidudu kama hizi tunazopewa kliniki. Alilazwa hospitali mjini Brisbane. Tarehe 20 Mei 1908, siku kumi na moja baada ya trai yake, akafa.

Wachezaji walibaki na maamuzi ambayo hakuna kitabu cha mpira kinachoyafundisha. Ratiba ilikuwa imeshatiwa sahihi, na aliyeitia sahihi alikuwa ndiye yuko kwenye jeneza. Waligawanyika. Baadhi yao walipanda meli na mwili kuurudisha Wellington. Waliobaki walicheza mechi ya pili na Australia pale Brisbane tarehe 30 Mei, wakashinda 24 kwa 12. Ushindi huo ulitosha kuwapa mfululizo mzima, kwa hiyo hata walipopoteza ya tatu Sydney wiki moja baadaye, 14 kwa 9, hesabu ilikuwa upande wao. Albert akazikwa makaburi ya Karori, mjini kwao.

Mama yake alikuwa mjane. Mwanawe alikuwa ameondoka nyumbani Agosti iliyopita akiwa na makaratasi ya safari na lawama za wakubwa, na amerudishwa kwa sanduku. Chama rasmi cha raga hakikuwa na deni kwake kwa kanuni yoyote, maana kijana alikuwa amefungiwa. Lakini chama kile kingine, kile cha pauni 50 kila mtu, kilikuwa na deni, na wanachama wake walilijua.

Tarehe 13 Juni 1908 timu ilikuwa imefika Wellington. Walijigawa pande mbili, Weusi na Wekundu, wakaingia uwanja wa Athletic Park na kucheza mechi ya kwanza ya raga ya watu 13 kuwahi kuchezwa katika ardhi ya New Zealand. Wenye mji walikuwa wameambiwa mwaka mzima kwamba hawa ni wasaliti, lakini watu kama 8,000 walikuja na wakalipa mlangoni. Weusi walishinda 55 kwa 20. Pesa za kiingilio, kama pauni 300 hivi, zikahesabiwa zote na kupelekwa kwa mama Baskerville.